Kipande cha Kwanza

Nikutegee? Basi sema tega, hata kama uko peke yako hapo ulipo, kuta hazitakucheka. Babu yangu hana mifupa. Amevaa nguo mia na hana kifungo hata kimoja. Tangu asubuhi anasimama mbele ya moto akijizungusha, na kila anayepita na njaa yake anamvua nguo moja. Ni nani huyo?

Usiseme kitunguu. Wote husema kitunguu, na mimi huwauliza, kitunguu gani kitasimama mbele ya moto siku nzima kisiwe majivu? Umeshindwa. Nipe mji basi. Unanipa Isiolo? Naichukua Isiolo, maana ndiko babu mwenyewe anakokaa.

Ni nyama ya Lodio. Ile nyama ya Waturuki anayoiuza mtaa wa Bula Pesa, kwenye veranda ya duka la Mzee Adano. Nyama inakatwa nyembamba kama kitambaa, inalazwa usiku kucha ndani ya maziwa lala na pilipili nyekundu ya kusagwa, halafu asubuhi inachomekwa kwenye chuma kirefu, kipande juu ya kipande, na tabaka za mafuta katikati, mpaka inakuwa nene kama kiuno cha mtu mzima. Chuma kinasimamishwa mbele ya moto wa gesi, kinazunguka polepole. Iliyoiva nje inakatwa kwa kisu kirefu, na ya ndani inatoka kuuona moto. Shika jambo moja hapo: babu huyu ukishamvisha, huwezi kumvua nguo ya katikati ukaacha zingine. Zimeshikana.

Lodio alijifunza kazi hiyo kwenye kambi ya wajenzi wa barabara. Aliingia kuosha sufuria, akatoka anajua kupika. Waturuki wa kambini walitia mafuta ya mkia wa kondoo. Lodio anatia nundu ya ngamia, na watu wa Isiolo wakila wanasema ni Waturuki ndio wamekosa. Ana supu ya dengu za kamande inayokamuliwa limau. Ana biringanya za kuchoma mpaka ngozi ikawa nyeusi, zikamenywa, zikapondwa na kitunguu saumu. Ana maziwa lala yaliyotiwa maji na chumvi, na wazee wa Kiborana walipoyaonja mara ya kwanza waliuliza Waturuki walipitia kwa boma la nani kujifunza.

Lakini mwanzoni hakuna aliyekula nyama. Walikunywa supu, wakaitazama nyama ikizunguka, wakaenda zao. Lodio ni Mturkana, mke wake Njambi ni Mkikuyu, wote wawili watu wa kanisa. Bula Pesa imejaa Waislamu. Nani angekula nyama kutoka mikono ambayo hajui imeshika nini?

Mzee Adano ndiye aliyewatoa hapo. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kabla magoti hayajamkataza kutembea na ng'ombe, sasa anauza unga, sukari na mitungi ya gesi. Wakati huo Lodio na Njambi walikuwa wamefukuzwa veranda tatu, moja kwa sababu ya moshi, moja kwa sababu mwenye duka alitaka kupika mwenyewe, na moja bila sababu, waliambiwa tu watoe takataka zao. Adano aliwaita.

"Kaeni hapa kwangu," aliwaambia. "Pesa ya veranda mtanipa mkipata. Lakini nyama mnunue kwa Ahmednur peke yake, kwa sababu najua anavyochinja. Siku mtakayoleta nyama ya mtu mwingine, mbebe jiko lenu muondoke. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mzee," Lodio alisema.

Halafu Adano alifanya kitu ambacho hakuna karatasi ya serikali ingeweza kufanya. Alichukua kiti chake, akakiweka mbele ya duka mahali kila anayetoka msikitini atamwona, akaitisha sahani, akala. Kesho yake akala tena. Watu walipoona mzee wa swala tano anakula, nao wakaketi. Tangu hapo ikawa desturi: kipande cha kwanza kinachokatwa kila siku ni cha Adano. Kabla hajala, hakuna anayeuziwa.

*

Alhamisi moja mjomba wa Lodio, jina lake Ekeno, alikuja Burat, wanakokaa Lodio na mke wake, kumwona mtoto. Lodio na Njambi walikuwa wamepata msichana, wakamwita Akiru, na yule mzee alikuwa amengoja kwao Ngaremara mpaka akapata cha kuja nacho. Alifika akivuta beberu mwekundu.

"Nimeambiwa unauza nyama," alimwambia Lodio. "Nikasema basi nikuletee moja isiyouzwa."

Alimchinja mwenyewe nyuma ya nyumba, jua likiteremka, kwa kisu alichonoa kwenye jiwe la kufulia. Hakumwelekeza kibla wala hakusema bismillahi. Alisema, "Mungu, asante," akakata. Mbuzi wa watu wa kanisa, na watu wa kanisa ndio wangemla. Hapo hakuna aliyekosea.

Walikula mbavu na matumbo jioni hiyo. Mapaja yalibaki, na mama yake Lodio, Nakolong, akayawekea mkono.

"Haya msiguse," alisema. "Kesho ndugu yangu atakula ile ya Waturuki. Asirudi Ngaremara akasema alifika kwa mtu wa hoteli akapewa mchemsho."

"Nyanya, utaitengeneza wewe?" Njambi alimuuliza. Alimwita nyanya kwa sababu ya mtoto.

"Nawaona mkitengeneza kila siku. Ama unafikiri macho yangu huangalia ukuta?"

Ekeno alicheka, akasema dada yake tangu ahamie mjini amekuwa mtu wa mambo mengi.

Nakolong alikata mapaja nyembamba, vizuri kabisa, akayalaza kwenye beseni nyekundu na maziwa lala na pilipili ileile. Beseni ya buluu ilikuwa ya kazi. Njambi alikuwa ameshaijaza nyama ya ng'ombe aliyonunua kwa Ahmednur mchana, akaifunika, akaenda kumnyonyesha Akiru, na usingizi ukamshika akiwa ameketi.

Sasa friji yao ni ya mkono wa pili. Rafu ilivunjika siku ile walipoileta, na ndani inaingia beseni moja tu. Nakolong alijaribu kuweka nyekundu juu ya buluu, mlango ukakataa. Akajaribu kuilaza, maziwa yakamwagika. Akasimama hapo akifikiria. Ile ya buluu ilikuwa kubwa na haikujaa.

"Nyama ni nyama," alijiambia. Akamimina.

Aliwaza kwamba asubuhi atachota fungu la mgeni kabla Lodio hajaondoka. Na usimlaumu haraka. Alikuwa ametoka Turkana mwaka huohuo, mahali ambapo mbuzi ni mbuzi. Kwamba Waislamu hawali nguruwe alijua. Kwamba mbuzi naye anaulizwa amekufa vipi, hakuna aliyewahi kumketisha akamwambia. Wale wanaojua jambo hudhani linajulikana.

Lodio aliamka gizani, akabeba beseni, akapanda boda boda. Nakolong alipoamka, friji ilikuwa tupu.

*

Asubuhi akichomeka nyama, Lodio aliona ni nyingi kuliko kawaida, akafurahi. Alidhani Njambi ameongeza kwa sababu ni Ijumaa. Ikiwa ndani ya maziwa na pilipili, nyama yote ni nyekundu.

Watu walipotoka msikitini, Adano alikuja na kofia yake nyeupe, akaketi kwenye kiti chake.

"Salaam aleikum, mpishi."

"Habari ya swala, mzee?"

"Swala njema. Njaa ndiyo mbaya. Leta."

Lodio alikata kipande cha kwanza, akakiweka juu ya mkate wa moto, akaongeza kitunguu, nyanya na mchuzi wa tango, akampa kwa mikono miwili. Njambi alikuwa amefika na mtoto mgongoni, anapanga vikombe. Adano alisema bismillahi akatafuna, akatafuna tena polepole, akiangalia barabara.

"Leo umefanya nini hapa?"

"Nimefanya nini, mzee?"

"Hii ni tamu. Kuna mbuzi humu."

Lodio alicheka. "Hapana mzee, ni ng'ombe. Ya Ahmednur, kama kila siku."

"Lodio, mimi nimekula mbuzi kabla baba yako hajaoa. Kuna mbuzi. Beberu, tena wa nyasi nzuri." Hakuwa amekasirika. Alikuwa amependezwa, akalamba kidole. "Na Ahmednur hana mbuzi wiki hii, aliniambia mwenyewe bei imempiga. Sasa huyu nani alichinja?"

Lodio alifungua mdomo, lakini watu wa boda boda walikuwa wamefika.

"Niaje chef! Nipimie mbili, moja bila kitunguu, niko na mgeni wa maana."

"Mgeni gani wewe, ni pikipiki yako imebadilisha kiti?" mwenzake alimwambia, na wote wakacheka, na sahani zikaanza kutoka. Adano alimaliza chakula chake, akarudi ndani ya duka kumpimia mtu sukari. Swali likabaki pale mezani kama kikombe ambacho hakijaondolewa.

*

Njambi alilisikia swali hilo. Alipopata nafasi alijisogeza kando ya veranda, akapiga simu nyumbani amuulize Nakolong kama mjomba ameshakula.

"Atakula nini?" Nakolong alimjibu. "Nyama mlienda nayo yote."

"Nyama gani, nyanya?"

"Ya mapaja. Niliiweka pamoja na yenu. Mlango wa friji haukufunga. Nimempa uji, na anasema uji ni mzuri, lakini mimi naona haya. Mtuletee kidogo jioni."

Njambi alikata simu bila kuaga. Alimtazama babu mwenye nguo mia akizunguka. Alikuwa amevuliwa nusu.

Alimwita mume wake nyuma, penye ndoo za maji. Alimweleza kwa maneno machache. Lodio alikaa chini juu ya ndoo.

"Watu wangapi wameshakula?" aliuliza.

"Wewe ndiye ulikuwa unakata."

"Adano amekula."

"Adano amekula wa kwanza."

"Ngoja nikamwambie."

"Utamwambia nini?" Njambi alimshika shati. Alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu ukuta wa duka ni wa mabati. "Baba Akiru, niangalie. Utamwambia mama yako alichanganya nyama? Atasema sawa, nimesikia, sasa beba jiko lako. Na hata asiposema yeye, wale wengine watasema. Tutapika wapi? Umesahau tulivyokuwa tunabeba hiki chuma mgongoni mchana kama watu wamebeba msalaba?"

"Sijasahau."

"Mimi niliambiwa nitoe takataka zangu, na nilikuwa na mimba ya huyu. Sijasahau pia."

"Sasa unataka tufanyeje?"

"Asiyejua hana dhambi. Hata wao wenyewe wanasema hivyo, mtu akila bila kujua Mungu hamwandikii. Tukimwambia ndiyo tunampa mzigo. Tukinyamaza, amekula chakula kizuri, kwisha. Akikuuliza tena sema Ahmednur. Jina moja tu. Halafu kesho tunaanza upya, na hiyo friji naivunja kwa nyundo."

Lodio aliinuka kwenye ndoo. Halafu akasema, "Na hii iliyobaki kwenye chuma?"

Waliokula wamekula. Lakini kumkatia mtu mwingine sasa, huku unajua, hilo ni jambo la rangi nyingine, na wote wawili waliliona.

"Sema gesi imeisha," Njambi alisema mwishowe.

*

Lodio alizima moto. Aliwaambia waliokuwa wakingoja kwamba gesi imeisha, poleni, kuna supu na biringanya. Watu walinung'unika. Mama mmoja aliyekuwa ameahidi watoto wake nyama alimwambia kwamba mtu wa biashara hujua gesi yake kama anavyojua watoto wake. Lodio alikubali kwa kichwa. Alikuwa anatafuta gunia la kuifunika nyama.

Kelele hizo zilimtoa Adano dukani.

"Nini?"

"Gesi, mzee. Imeisha."

"Na mimi nauza nini humu ndani, viatu?" Adano alirudi dukani, akatoka akibingirisha mtungi uliojaa, magoti yake yakilia. "Chukua. Utanilipa wiki ijayo. Siku ya Ijumaa mtu hafungi na watu wanangoja."

"Hapana mzee, usijisumbue, tutafunga tu leo."

"Nimeshajisumbua. Fungua huo wa zamani."

Lodio hakusogea. Adano aliinama mwenyewe, akafungua mpira, akaushika mtungi wa zamani kwa masikio yake auondoe. Ukamshinda. Alisimama akautazama, akautikisa. Ndani kukasikika gesi ikicheza kama maji kwenye kibuyu.

"Huu haujaisha," alisema.

Watu wote waliusikia mtungi ule. Yule mama alisikia. Njambi aliinama akajifanya anamfunga mtoto vizuri mgongoni, na uso wake ulikuwa umewaka.

"Labda ni mpira," Lodio alisema. "Umeziba."

"Umeziba." Adano aliupuliza mpira kwa mdomo, ukatoa hewa upande wa pili bila shida. Aliurudisha, akawasha jiko. Moto ukashika. "Sasa umezibuka," alisema, kwa upole wa mtu anayemfunika mwenzake aibu asiyoijua, akarudi kwenye kiti chake.

Babu akaanza kuzunguka tena. Mafuta ya nundu yakaanza kutoa sauti.

Lodio alishika kisu akanoa. Alinoa upande huu, akageuza, akanoa upande ule. Kisu kile kingeweza kunyoa ndevu, lakini aliendelea kunoa. Yule mama wa watoto alichoka kungoja, akachukua supu, akaenda. Wa boda boda walipata abiria. Njambi aliwauzia waliobaki biringanya kwa haraka isiyo yake, akiwasifia kwamba leo biringanya ndiyo imetoka vizuri, nyama bado, nyama bado kidogo.

Wakati huo lori lilisimama ng'ambo ya barabara. Dereva alishuka, Msomali mrefu mwenye kikoi, akavuka. Aliwasalimia watu wote kwa salaam, akajitaja kuwa ni Guleid, anatoka Garissa, anaenda Moyale, na kwamba kwenye kizuizi cha barabara mtu alimwambia asipite Isiolo bila kula hapa.

"Karibu," Adano alisema. "Huyu ndiye mpishi."

Guleid alimtazama Lodio, akamtazama Njambi, akaona msalaba mdogo shingoni mwake.

"Unaitwa nani, ndugu?"

"Lodio."

"Lodio." Dereva aliliweka jina hilo mdomoni kana kwamba analipima. Akamgeukia Adano na kuteremsha sauti, ingawa pale kila neno lilisikika. "Mzee, usinifikirie vibaya. Mimi ni mtu wa safari. Hii nyama naweza kula?"

Njambi aliyazoea maswali hayo, lakini kila siku yalimuuma mahali palepale. Aliinua kichwa. Alikuwa na jibu lake tayari, lile jina moja. Lakini Adano alimtangulia.

"Kaa chini ule," Adano alisema. "Hawa ni watu wangu. Tangu waje hapa hawajaniletea nyama ambayo siijui. Leo pia nimekula mimi wa kwanza, hapa hapa, baada ya swala. Kama kuna kosa kwenye sahani yako, lisiandikwe kwako wala kwao. Liandikwe shingoni mwangu." Akajigusa shingo kwa vidole viwili.

"Hayo yametosha," Guleid alisema. Alinawa mikono kwenye birika, akaketi, akakunja kikoi katikati ya magoti. "Nipe ya kushiba, Lodio. Barabara ya Moyale haina huruma."

Lodio alisogea kwenye chuma. Aliinua kisu, akakilaza juu ya nyama, mahali palipoiva vizuri, palipokuwa na rangi ya udongo wa Burat baada ya mvua. Mafuta yaliteremka kwenye ubapa wa kisu mpaka kidoleni. Hakukata. Alikuwa ameusimamisha mkono wake pale, na nyama ikaendelea kuzunguka chini ya kisu, ikijikwaruza yenyewe, ikidondosha chembe ndogo ndogo kwenye sinia.

"Mpishi," Guleid alisema, "inakuogopa ama unaiogopa?"

Wachache waliokuwepo walicheka. Adano hakucheka. Alikuwa anamtazama Lodio jinsi alivyokuwa akitazama ng'ombe zamani sokoni, kuanzia miguu kwenda juu. Aliangalia ule mkono. Akaangalia mtungi wa gesi wa zamani uliokuwa bado unalisha moto, na gunia lililotolewa bila kazi.

"Lodio."

"Naam, mzee."

"Mchana nilikuuliza kitu. Watu wakaja, hukunijibu."

"Ndiyo, mzee."

"Nilikuuliza kwa sababu ilikuwa tamu, basi. Sasa nakuuliza kwa sababu nimemwambia huyu mgeni ale kwa shingo yangu." Alisema bila kupandisha sauti, kama anayeuliza bei. "Yule mbuzi, nani alichinja?"

Lodio alifungua mdomo. Alimtazama mke wake, na Njambi aliona midomo ya mume wake ikitafuta lile jina walilokubaliana penye ndoo. Aliona kwamba atalisema. Atalisema kwa sababu yeye ndiye aliyempa, na Lodio ni mtu wa kusikia la mke wake. Na mzee ataitikia, na vidole vyake bado viko shingoni, alisahau kuviondoa, na mgeni ataanza kula.

Akiru aliamka mgongoni, akalia kidogo. Njambi alimrusha rusha, akanyamaza. Halafu akasogea mbele, akasimama kati ya mume wake na sahani ya mgeni, akaishika ile sahani tupu akaivuta kwake.

"Njambi," Lodio alisema.

"Wacha." Njambi hakumtazama. Alikuwa anamtazama Adano, na sauti yake ilitoka kavu, ya kawaida, kama anayetaja vitu vya kununua dukani. "Ni Ekeno, mzee. Mjomba wa Lodio. Alimchinja jana jioni nyumbani kwetu Burat, kwa mkono wake, na hakusema bismillahi. Nyama ikachanganyika na ya Ahmednur usiku, ndani ya beseni moja. Hatukujua asubuhi. Tumejua mchana, wewe ukiwa umeshakula."